Nani Alikufa Kwenu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Daftari hili Dada alilinunua asubuhi nje ya geti la hospitali akanikabidhi pamoja na kalamu. Aliniambia niandike mimi, kwa sababu yeye akishasikia neno la kwanza hatasikia la pili.

Ndivyo ilivyokuwa. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na haraka, alisema saratani, na Dada akaanza kutazama kiatu chake. Nikaandika: titi la kushoto. Uvimbe wa sentimita mbili. Matezi ya kwapani yanaonekana salama. Upasuaji tarehe 21 Machi, kisha mionzi, pengine na dawa. "Umekuja mapema," daktari alisema mara mbili, nami nikaandika mara mbili.

Dada ana miaka hamsini na moja, mjane, mwokaji wa mikate. Aligundua uvimbe siku alipoinua mkono kupanga trei kwenye rafu ya juu. Mimi ni kitinda mimba, fundi miwani, na alinichagua kwa sababu anasema mdomo wangu una kufuli. Jumamosi atawaeleza Mama na Kaka. Nitaendelea kuandika. Kurasa ni nyingi, na maswali vilevile.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Wateja wawili tu, na wote wamekalia miwani yao.

Jumamosi, 9 Machi

Tulikutana sebuleni kwa Mama. Dada alisema yote kwa sentensi tatu, upesiupesi, kama anayepokea kitu cha moto. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Watakata?"

Dada akasema ndiyo.

"Basi haendi mtu. Mdogo wangu alikwenda kwa miguu yake, wakamchana, siku ya arobaini tukamzika. Kisu ndicho kilichomuua."

Hadithi hiyo naijua tangu nina miaka ishirini, na sasa nina thelathini na tisa. Mama Mdogo alikuwa mzima, ana kiuvimbe tu. Mumewe, mtu wa kupenda mambo ya kisasa, akampeleka akachanwe. Hewa ikaingia, ugonjwa ukaamka. Tangu mazishi hakuna wa kwetu aliyekanyaga kwa yule Baba Mdogo, naye hajakanyaga kwetu.

Kaka, mkubwa wetu, anauza vipuri vya magari na hakuna jambo asilolijua. Alitutolea simu. Kwenye video mtu aliyevaa koti jeupe anaeleza kwamba saratani ni mzinga wa nyuki: ukiuacha umelala, ukiuchokoza wanatawanyika mwili mzima. Hata ile sindano waliyochukulia kipande cha kupima, Kaka alisema, tayari ni uchokozi. Ipo dawa ya unga, inausinyaza mzinga polepole.

Niliuliza hewa inaingiaje kuamsha ugonjwa, maana mchana kutwa tunaivuta na inafika mpaka kwenye damu. Kaka akasema hewa ya ndani na ya nje si moja. Nikauliza tofauti yake ni nini. Mama akaniambia niache kumhoji kaka yangu kama wakili.

Dada alikuwa kimya muda wote. Nilitegemea apinge, maana huyu ni mtu anayebishana na mzani wake mwenyewe. Mwishowe akasema, "Basi tuone kwanza."

Tuone nini? Nimeliandika swali hilo hapa kwa sababu pale sikuliuliza.

Ijumaa, 15 Machi

Unga umefika. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila sukari wala maziwa, kwa siku tisini. Nilichota kidogo kwenye karatasi nikaenda nao kazini, nikauweka chini ya lenzi ninayotumia kukagua mikwaruzo. Nimeona vipande vya majani makavu, vumbi la kahawia, na chembe za pembe nne zinazometa. Niliionja moja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Kaka pia alinirushia sauti za watu waliopona. Anayeuza unga huo, ambaye wote wanamwita Mtaalamu, aliweka na namba zao, akiamini hakuna atakayepiga. Nimepiga. Wa kwanza hakupokea. Wa pili, mama mwenye sauti ya ucheshi, alinieleza kwa furaha jinsi saratani yake ilivyoyeyuka kwa mwezi mmoja na nusu. Nikamuuliza ilipimwa hospitali gani.

"Sikupimwa, baba," akanijibu. "Niliijua tu mwenyewe."

Nilimshukuru. Wala sidhani alikuwa anadanganya, na hilo ndilo lililonisumbua siku nzima. Nilizoea kufikiri kwamba uongo lazima uwe na mwongo.

Alhamisi, 21 Machi

Leo ndiyo siku aliyopangiwa. Ameoka mikate.

Jumapili, 31 Machi

Maji yameingia mtaa wa chini. Dada amepungua, mashavu yameingia ndani. Mama anasema ni sumu inatoka. Mimi naona ni mtu anayekula nusu ya chakula chake. Nilimuuliza kama anauamini ule unga. Akanijibu kwamba mkate wa watu hauwezi kungoja tuzungumze, nikamsaidie kufunga magunia yasilowe.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Alinikatiza kabla sijakaa: habari za mgonjwa wake hazizungumzi na mtu mwingine, hata awe pacha. Nikasema sikuja kwa habari za mgonjwa, nimekuja kuuliza habari za hewa. Akacheka kidogo, akafunga faili lililokuwa mbele yake.

Alinieleza hivi. Hewa haina habari na saratani. Ila wapo watu wanaofika wamechelewa. Wanafunguliwa, inakutwa imeenea, wanafungwa, wanakufa. Ndugu walimwona mtu wao akiingia anatembea, wakamwona akitoka amebebwa, na katikati kulikuwa na kisu. "Fundi akibomoa ukuta akakuta mchwa," alisema, "hakuja nao mfukoni."

Nilifurahi kama mtoto. Nikaandika neno kwa neno, nikainuka niende. Ndipo naye akanigeuzia swali.

"Miaka yote hii nimeona watu wakikataa. Wachache wanakataa kwa sababu ya unga. Mara nyingi yupo aliyekufa, na unga unakuja baadaye. Nani alikufa kwenu?"

Nikamwambia. Akauliza Mama Mdogo alikaa na uvimbe muda gani kabla ya kufika hospitali. Nikafungua mdomo nijibu, nikagundua kwamba kwa miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia mtu akisema.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilimuuliza Kaka. Akasema wiki mbili tatu. Nani alimwambia? Mama. Nikamuuliza Mama. Akasema ni siku nyingi zimepita na mimi nina kazi ya kuchimbua makaburi.

Jumatano, 17 Aprili

Kumbe nilimhukumu Kaka. Leo nilipita dukani kwake bila taarifa, nikamkuta nyuma ya rafu za vipuri anakoroga unga uleule kwenye kikombe. Nikamuuliza kama naye anaumwa. Akaona haya mtu mzima yule, miaka hamsini na sita. Alisema siku ya kwanza Dada alipoinywa dawa hiyo alikunja uso, basi akaona si vizuri anywe peke yake. Tangu siku hiyo anakunywa naye asubuhi na jioni, sukari ameacha, maziwa ameacha.

"Inasaidia?" nikamuuliza.

"Inaharisha," akasema.

Tulicheka mpaka mteja akachungulia. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea, kwamba ile video ameiangalia zaidi ya mara thelathini, na kila akiiangalia anapata usingizi. Nilikuwa nimemwandika hapa kama mjuaji. Namwandika upya: ni mtu mwenye hofu aliyepata kitu cha kushika.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Dada sasa anapanga trei kwa mkono wa kulia tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Baba Mdogo. Basi lilichukua saa tano badala ya tatu kwa sababu ya barabara kukatika, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuanzia. Sikuyahitaji. Mzee alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unavunja redio zangu kutafuta watu walio ndani." Nikampa shikamoo, akaitika, akanitolea taulo nijifute mvua.

Alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, sasa macho hayamruhusu. Nyumba ni safi ya mtu mmoja: kiti kimoja kimechakaa, vingine vitatu ni kama vipya. Nilimweleza habari za Dada. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye maneno "kisu ndicho kilichomuua", alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia wimbo wa zamani ukiimbwa kwa maneno yaliyokosewa.

"Miezi kumi na sita," alisema.

Nikauliza miezi kumi na sita ya nini.

Mama Mdogo aliugundua uvimbe mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hospitali. Mwanzoni haukumuuma. Alikandwa, alifukizwa, alipakwa. Ulipofika wakati wa kupasuliwa, titi lilikuwa limeshapasuka lenyewe. Kilikuwa kidonda, na harufu yake mzee aliieleza kwa kugeuza uso dirishani. Madaktari walimwambia wazi kwamba hawakati ili apone, wanasafisha tu ili aondoke kwa heshima. Akaishi siku arobaini.

Nikauliza kwa nini alisubiri.

"Yupo aliyemwambia asubiri. Hakuwa na ubaya, alimpenda kuliko mimi. Na mimi nilikubali, usije ukaandika kwamba nilikataa. Nilikubali kwa sababu nilitaka iwe kweli."

"Nani alimwambia?"

"Kamuulize mama yako."

Nikamuuliza basi kwa nini miaka yote amekubali kubeba lawama ya kisu. Akasema siku ya mazishi Mama alisimama mbele ya watu akamnyooshea kidole, naye alipomtazama usoni aliona kwamba asipoiacha lawama hiyo imwangukie yeye, watazika wawili. Akaiacha. Kisha akanitolea miwani yake, mguu mmoja umefungwa kwa uzi, akaniuliza kama fundi ninaweza kuifanyia chochote. Nikaitengeneza palepale. Ni skrubu tu iliyoanguka.

Jumapili, 28 Aprili

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 1 Mei

Sijamwambia mtu. Nikimwambia Dada, nimemvua Mama nguo mbele ya mwanawe. Nisipomwambia, nitakuwa nimekubali kama alivyokubali Baba Mdogo, na bila hata kisingizio chake, maana mimi najua.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakunja mashuka yaliyokaukia ndani ya nyumba, nami nikashika ncha za upande wa pili kama zamani. Nikasema nimetoka kwa Baba Mdogo. Hakuacha kukunja. Nikasema amenitajia miezi kumi na sita. Mikono yake ikasimama hewani, shuka likiwa katikati yetu.

Nilitegemea akane, au anifukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilikunja lile shuka mpaka likawa dogo kuliko mashuka yote, akaliweka juu ya rundo, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilikaa sebuleni saa nzima nikisikiliza mvua. Sikusikia kitu kingine.

Jumamosi, 4 Mei

Mama hajatoka chumbani. Kaka amenipigia kuniuliza nimemfanya nini mama yetu.

Jumatatu, 6 Mei

Nataka kuandika haya polepole, nisiache kitu.

Asubuhi saa moja nilikuwa kwa Dada, nimepeleka miwani yake ya kusomea. Alikuwa anatoa mikate ya mwisho. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama, amelowa hadi magotini, bila mwavuli. Amekuja kwa miguu, mwendo wa nusu saa. Hakusalimia. Alisimama kando ya meza ya kukandia, akaweka viganja vyote viwili juu ya unga uliomwagika.

"Mama yenu mdogo hakuuawa na kisu," alisema. "Alinionyesha uvimbe mimi wa kwanza, kabla ya mume wake. Nikamwambia hospitali watakukata, subiri, utaondoka. Kila akija namwambia subiri. Miezi kumi na sita. Nilisema kisu kwa sababu ilibidi kiwe kitu fulani."

Dada alikuwa ameshika koleo la mbao lenye mikate minne juu yake. Akaiteremsha, akarudi kwenye tanuri akatoa mingine, kwa sababu ingeungua. Alimaliza yote. Kisha akajifuta mikono, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, ungeniambia Machi."

"Nilishindwa."

"Najua."

Nilidhani sasa ndipo Dada atalia, au atasema kwamba amedanganywa, kwamba aliuamini unga kwa sababu yetu. Akasema jambo lingine kabisa, naye alilisema akinitazama mimi, pengine kwa sababu nilikuwa nimemuuliza mara nyingi.

"Ule unga sijauamini hata siku moja. Ni majani na chumvi, mimi nashika unga maisha yangu yote. Lakini niliwaza, nikifa mezani kwa daktari, Mama atakuwa amezika wawili wa kisu, na hatainuka. Nikifa na ugonjwa wangu nyumbani, hakuna wa kulaumiwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mama alikuwa anaficha lake, Dada alikuwa anamlinda Mama, Kaka alikuwa anamsindikiza Dada, na mimi nilikuwa napima chumvi kwa lenzi. Miezi miwili nimetafuta nani anaamini. Kumbe hakuna aliyekuwa anaamini sana.

Mama alizunguka meza. Dada ni mrefu kumzidi, akainama. Walikaa hivyo mpaka mteja wa kwanza akabisha akitaka mikate mitano, nami ndiye niliyemhudumia. Nilimpa sita kwa kuchanganyikiwa.

Jumatano, 8 Mei

Hospitali, wanne sote. Daktari hakugomba. Alipima upya: sentimita tatu na nusu, na sasa tezi moja la kwapani limeguswa. Upasuaji hauwezi kuwa wa kwanza tena. Dawa za mishipani kwanza, mara sita, kila baada ya wiki tatu, ndipo kisu, ndipo mionzi. Nafasi bado ipo, ila si ile ya Machi. Dada alimwomba aseme hilo la mwisho tena, akalisikiliza lote, macho yake kwa daktari, si kwenye kiatu.

Kaka aliuliza kama ni ule unga. Daktari akasema ni muda.

Nje Kaka alienda kusimama peke yake mvuani. Nilimfuata na mwavuli. Alisema yeye ndiye aliyeleta video. Nikamwambia na mimi ndiye niliyepiga simu, nikajua, nikaendelea kuuza miwani. Tukarudi ndani.

Alhamisi, 16 Mei

Dawa ya kwanza. Saa nne kwenye kiti. Kaka alikaa naye akimsomea bei za vipuri mpaka akalala.

Jumapili, 19 Mei

Anatapika. Mama ndiye anayeshika beseni.

Alhamisi, 30 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Nywele zinatoka. Dada amezinyoa zote mwenyewe, akasema afadhali, hazitaingia kwenye mikate. Kaka amenyoa pia, na haikumpendeza hata kidogo.

Nadhani mvua imekwisha. Nitaliweka daftari.

Jumanne, 24 Septemba

Nimelifungua tena kwa sababu leo amepasuliwa.

Ingekuwa wiki iliyopita, damu yake ikawa bado iko chini, wakasogeza. Alipooshwa na kuvalishwa lile gauni la kijani alituambia tusikae nyuso za msibani, akasukumwa kwenye milango miwili inayojifunga yenyewe.

Tulikuwa tumekaa muda wa saa moja hivi pale Baba Mdogo alipotokea mwisho wa korido, ananyoosha mkono ukutani kujiongoza. Nilimtazama Kaka, Kaka akanitazama. Hakuna kati yetu aliyemwita. Mama akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi, akasema, "Karibu, shemeji. Nimeshukuru umeitika." Akakaa. Miaka kumi na tisa yote ilikuwa imebanwa katika nafasi ya kitambaa cha mkono kati yao.

Daktari alitoka saa saba kasoro. Alisema wametoa kila wanachoweza kukiona, na kwamba dawa zilikuwa zimeusinyaza uvimbe vizuri. Vipande vya pembeni mwa uvimbe vitapimwa kuona kama kuna kilichobaki, majibu baada ya wiki mbili, hawezi kuahidi kabla ya hapo. Mimi nikaandika. Nilitaka kuuliza habari za pembeni, lakini aliyenitangulia alikuwa Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimuuliza daktari chochote.

"Ulikuwa umebaki kiasi gani?"

Daktari akamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Upana wa sentimita moja, pengine na kidogo.

Mama akauiga upana ule kwa vidole vyake, akautazama. Kisha akamgeukia Baba Mdogo, mkono bado uko vilevile.

"Wa mdogo wangu ulikuwa hivi," alisema. "Siku ya kwanza. Niliushika kwa mkono huu."

"Najua, shemeji," mzee akajibu. "Aliniambia."

Mama hakuushusha mkono. Mzee ndiye aliyeuchukua, akaufunga polepole ndani ya viganja vyake, akaukalisha pale kwenye benchi. Muuguzi akaja kusema ameamka, ameuliza nani yuko nje, anaruhusiwa mtu mmoja. Hatukushauriana. Mama aliinuka, akamwachia Baba Mdogo mkoba wake, akaingia.